Video inayosomwa kwa skrinishoti

Natengeneza video za mafunzo ya ufundi kwa vijana. Mwezi uliopita niliketi Mbagala na binti anayejifunza cherehani, nikitaka kuona anavyoitumia mojawapo ya video zangu za YouTube, ya kukata sketi ya duara, ile inayochanua ukizunguka.

Alishusha ubora wa picha hadi 144p, kiwango cha chini kabisa. Salamu yangu aliiruka. Nilipotaja kipimo akasimamisha, akapiga skrinishoti, akasogeza mbele, akapiga nyingine. Alipofikisha picha 9 akazima data. Kuanzia hapo alifuata picha zake tu, chaki mkononi: kiuno inchi 30, gawa kwa 6.28, unapata karibu inchi 4 na robo tatu, hicho ndicho kipimo cha kuanzia kona ya kitambaa kilichokunjwa. Ile 6.28 ilikuwa imefifia kabisa kwenye picha, ikabidi awashe tena data ili anisikilize nikiitaja.

Watu wazima wanaposema vijana wanashinda mtandaoni, huwa nawaza hesabu ya binti huyu. Video inayopita kwa biti milioni 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kwa dakika, yaani MB 450 kwa saa. Kwa mtu anayejiunga bando la siku, hiyo ni siku yake yote. Video fupi zina ulaji wa namna nyingine: programu huanza kupakua video inayofuata kabla hujaifikia, ili isikwamekwame. Ukiipita bila kuitazama, MB zake zimeshakwenda. TikTok ina sehemu ya kubana matumizi ya data kwenye mipangilio, na kila darasa jipya naanza nayo, maana wengi nawakuta hawajaiwasha.

Halafu kuna kurushiana, na hapa ndipo wengi wetu tunaotengeneza video tunapopotea. Mmoja akipata Wi-Fi ya chuo anapakua, wenzake wanamwambia "nirushie", na video inahama simu hadi simu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, bila kutumia bando. Nyingine inakatwa vipande na kuwekwa status ya WhatsApp, inakaa saa 24 kisha inaondoka. Kwa vijana ninaofanya nao kazi, status ndiyo televisheni yao. Msusi anaonyesha mtindo mpya, muuza mitumba anafungua belo mbele ya kamera, mwanafunzi anaweka swali la hesabu lililomshinda na jioni ana majibu.

Namba ya watazamaji iliyo chini ya video haimhesabu hata mmoja wa hao waliorushiwa. Shirika moja liliwahi kuusitisha mfululizo wangu wa masomo kwa sababu namba zilikuwa ndogo, na jambo hilo bado linaniuma, kwani siku hizohizo nilikuwa nikilikuta somo la kola kwenye simu za mafundi ambao hawajawahi kuifungua chaneli yenyewe. Ukitaka kujua video imefika wapi, nenda kwenye mafunzo ya mtaani uombe kuonyeshwa simu.

Nimebadilisha namna ya kurekodi. Maandishi yanakuwa makubwa, nami nayajaribu kwanza kwa 144p kwenye simu ndogo. Kipimo kinakaa kwenye skrini sekunde 5. Wimbo wa kufungulia nimeuondoa. Kila hatua inajieleza yenyewe, kwa kuwa huenda ikamfikia mtu ikiwa kipande kimoja tu cha status, bila kilichotangulia wala kinachofuata.

Binti aliniomba jambo moja nilipokuwa naaga. Alinionyesha picha yake ya sita, akaikuza kwa vidole. "Mwalimu, ukishaandika kipimo, toa mkono. Hapa umekiziba." Wiki hii narekodi upya somo la kola, na chaki nimeifunga kwenye kijiti kirefu.