Logi ya mtambo haijafungwa, haijasomwa tu

Pampu ya maji ya kupozea katika kiwanda kimoja hapa Tanga ilizima Jumatatu. Jumanne asubuhi, niko Ngamiani nasubiri chapati, likaingia faili kwenye simu: "Fundi, hii logi imefungwa kwa nywila, haisomeki." Logi ni kumbukumbu ya mawasiliano ya mitambo. Nikaifungua. Mistari ilikuwa hivi:

01 03 04 42 E8 00 00

"Imefungwa." Haijafungwa. Hiyo ni Modbus, lugha ambayo vifaa vya kiwandani huzungumziana, iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, na kwa kawaida haifichi chochote (nalo ni tatizo la usalama, ila si la leo). Namba zimeandikwa kwa msingi wa 16 (tarakimu 0 hadi 9, kisha A hadi F), basi. 01 ni anwani ya kifaa, 03 ni amri ya kusoma rejista (visanduku vya namba ndani ya kifaa), 04 inasema zinafuata baiti nne, kila jozi ya tarakimu ni baiti moja, na hizo nne ndizo jibu. Mwishoni huwa na baiti mbili za ukaguzi, hapa nimeziacha.

"Programu ikishatafsiri, kazi imekwisha." Hapa ndipo wengi tunapotea. Wireshark, programu ya kusoma mawasiliano ya mitandao, itakuonyesha rejista mbili: ya kwanza 17128, ya pili 0. Sasa 17128 ni nini? Lita? Nyuzi? Modbus haibebi jina la kitu wala kipimo chake. Hayo yako kwenye jedwali la rejista la mtengenezaji, ambalo mara nyingi limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Jedwali la pampu hii lilitaka rejista zote mbili zisomwe pamoja, kama namba moja ya desimali ya biti 32. Ukifanya hivyo unapata 116.0, joto la beringi kwa nyuzi za Selsiasi. Ukianza na ile ya pili, unapata namba ndogo mno, sifuri na ushei, na utaapa kwamba vifaa vimekufa. Watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie, kwa hiyo jaribu kwanza na thamani unayoijua. Tena, jedwali likisema 40001, kwenye waya utaikuta imeandikwa 0. Fundi mgeni huhesabu rejista moja pembeni siku nzima.

"83 02 ni waya umekatika." Sivyo. Ukiikuta 83 kwenye nafasi ya amri, ni ile 03 iliyoongezewa 80 ya msingi wa 16: kifaa kimepokea ombi na kulikataa. 02 inasema anwani uliyoomba hakina. Waya ukikatika hupati jibu lolote, unaona maombi yanafuatana na kimya.

"Bandika Excel, itajipanga." Itajipanga vibaya. Excel ikiona 42E8 inadhani ni namba ya kisayansi, inakuandikia 4.20E+09. 0002 inabaki 2. Geuza safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika, na faili la asili usiliguse.

"Saa ya kwenye logi ndiyo saa ya tukio." Fremu ya Modbus, yaani ujumbe mmoja kama ule wa juu, haina saa ndani yake. Saa unayoiona imewekwa na kompyuta iliyonasa mawasiliano, na yetu ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa. Pampu ilinyamaza saa 02:41. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo hapa ilikuwa 05:41. Daftari la zamu nalo, kwa kalamu ya bluu: "saa 11:40 pampu imezima". Mhandisi mgeni akaichukua 11:40 ile kama ilivyo, akapekua mistari ya karibu na adhuhuri mpaka macho yakamuuma. Mzee wa zamu akamtazama weee, kisha akamwambia, "Mwanangu, hiyo ni kumi na moja ya alfajiri."

Tukarudi nyuma. Saa 02:10 ya logi, beringi ilikuwa 42 A0, yaani nyuzi 80. Nusu saa baadaye, 42 E8. PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, ilikuwa inalisoma joto hilo kila sekunde, ila hakuna aliyekuwa ameliwekea kengele.