Je, wajua kwa nini mti ulioachwa kiwanjani unakauka miaka miwili baada ya nyumba kuisha?

Mama yangu mdogo alijenga Uyole, hapa Mbeya, na sharti alilompa fundi lilikuwa moja tu: mparachichi wa marehemu babu usiguswe. Na kweli haukuguswa, hakuna aliyeupitishia panga wala shoka. Nyumba ikaisha wakahamia, mwaka wa kwanza mti ukazaa tena ukazaa kweli kweli, mwaka wa pili majani yakaanza kutoka madogo ya njano, matawi ya juu kabisa yakabaki vijiti, na msimu wa mvua uliofuata tukaukata kuni. Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, huu mti umetususa." Majirani wakasema na mengine.

Kumbe mti ule ulishauawa siku ya kuchimba msingi, ila ulichelewa kuonyesha.

Wengi wetu tunaamini mizizi inashuka chini sana, kama mti ulivyo mrefu juu basi na chini ni hivyo hivyo. Sio kweli. Mizizi mingi ya mti inakaa juu juu, sehemu kubwa iko ndani ya sentimeta 60 za kwanza, na kwa upana inatoka nje kabisa ya kivuli cha matawi. Mparachichi ndio zaidi, ile mizizi myembamba inayonyonya maji na chakula iko karibu kabisa na uso wa ardhi, ukifukua majani makavu chini ya mti mzee unaikuta hapo hapo. Afu mzizi unapumua jamani, unahitaji hewa kama wewe, na hewa hiyo inapita kwenye vitundu vidogo vidogo vya udongo.

Sasa angalia saiti ya kawaida. Fuso la mchanga linapaki wapi? Chini ya mti, kuna kivuli. Kokoto, mifuko ya saruji, pipa la maji, zege linakorogwa hapo hapo na chepe zinaoshewa hapo, maji ya saruji yanazama chini na ni makali kuliko ya sabuni. Udongo wa huku kwetu ni mwepesi, chukua konzi moja chini ya mti ambao haujasumbuliwa, ubane, unameguka laini kama ugali wa jana. Nenda pale Fuso lilipogeuzia mara kumi upige sururu, inaruka. Vitundu vya hewa vyote vimebanwa. Na kile kifusi cha msingi kinachosambazwa ili uwanja uwe levo, ukikipandisha sentimeta 30 juu ya mizizi ya mparachichi umeuziba pua, maji nayo yakituama mizizi inaoza.

Haufi siku hiyo kwa sababu mti una akiba, sukari iliyotunzwa kwenye shina na mizizi, unakula humo taratibu mpaka iishe. Ndio maana fundi anakuwa ameshalipwa zamani na ameshahamia saiti nyingine, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Uingereza kuna watu kazi yao ni hii tu, mtaalamu wa miti anaitwa kiwanjani kabla ramani haijachorwa, na halmashauri ikiona kuna miti inayoguswa na ujenzi inataka ripoti yake kwenye maombi ya kibali. Wanafuata kiwango kinaitwa BS 5837, toleo la 2012. Kila mti unapewa daraja: A ni mti mzuri unaotegemewa kuishi miaka 40 au zaidi, B miaka 20, C angalau 10, na U ni ule ambao hautafika hata hiyo 10, huo ukate kwa amani. Hapo napenda sana, maana mtaalamu hayupo kutetea kila mti, yupo kukuambia upi unastahili nyumba isogee na upi hapana. Halafu anachora duara la mizizi: upana wa shina, ukipimwa mita moja na nusu kutoka chini, zidisha mara 12, hiyo ndio mita ngapi kutoka kwenye shina usichimbe, usipaki, usimwage kitu, mwisho mita 15. Linazungushiwa fensi kabla lori la kwanza halijaingia.

Sisi tunaweza kupima kwa kamba. Zungushia kamba shina usawa wa kifua, kata pale inapokutana, kisha ilaze chini mara nne kuanzia kwenye mti. Shina la mzingo wa sentimeta 157 linakupa mita sita na kidogo, ambayo ndio hesabu ile ile ya mara 12 na ziada kiduchu. Piga mambo, yaani vigingi, funga utepe. Kwa mti mkubwa karibu na nyumba, hasa milingoti (mikaratusi) mirefu, mwite na afisa misitu wa halmashauri aje auone, maana ukikata mizizi ya upande mmoja kwa ajili ya msingi umeondoa nanga, na kwa upepo wa kule Makambako mti wa hivyo unaweza kulala juu ya bati lako.

Mwezi uliopita shemeji yangu anaanza kujenga Isyesye, ana mparachichi mmoja mzuri, tukaenda na kamba ya manila asubuhi kabla mafundi hawajafika. Duara likaangukia katikati ya shimo la choo lililochorwa kwenye ramani. Fundi akaangalia zile mambo, akaangalia mti, akasema, "Shimo tulisogeze kule kwenye kona basi, bomba litaongezeka kama mita tatu hivi." Mama mdogo alikuwepo, hakusema kitu, akaenda kuushika ule mti shina.