Sufuria Moja ya Maji Moto: Nani Aoge Nayo?

Tangu video za watu wanaojitosa kwenye mapipa ya barafu zianze kuzunguka kwenye simu, vijana wa Section 58 na Lanet, mitaa ya Nakuru, huja kliniki wakiwa na swali moja: eti kuoga maji baridi kunaongeza kinga, kunakata kitambi na kurudisha nguvu za kiume? Mimi ni afisa wa kliniki. Kazi niliianzia Kisumu, sasa niko Nakuru. Swali lao lina jibu na nitalitoa, lakini nyumba nyingi ninazozijua hazikuyachagua maji baridi. Gesi imeisha, tokeni zimebaki za taa tu, au ile shawa ya umeme imeanza kupiga shoti. Nyumba hizo zina swali lao, na ndilo ninalolipenda zaidi: yakipatikana maji moto ya sufuria moja, apewe nani?

Kwanza tukubaliane baridi ni ipi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai hewa hushuka hadi karibu nyuzi 10, na tangi lililolala juu ya paa hutoa maji ya kukata pumzi saa kumi na moja alfajiri. Molo, iliyo juu zaidi, ndiyo usiseme. Kisumu iko chini, mita 1,130 hivi, na tangi jeusi la Kondele saa tisa alasiri hutoa maji ya uvuguvugu. Anayejigamba huko kwamba ameoga baridi saa hiyo, hajaoga baridi yoyote. Tafiti nyingi zinazonukuliwa mitandaoni zilitumia maji ya nyuzi 10 hadi 15, kwa hiyo zinamgusa mtu wa Molo kuliko mtu wa Kondele.

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Ngozi ikipigwa nayo ghafla, unavuta pumzi moja kubwa bila kupenda, kisha unahema harakaharaka. Mishipa midogo ya ngozi inajifunga, damu inasukumwa ndani, moyo unaenda mbio na presha inapanda. Kilele cha mshtuko huo ni nusu dakika ya kwanza. Dakika mbili tatu zikipita, mwili unatulia. Hatari kubwa imejaa hapo mwanzoni. Watafiti wa Uingereza walionyesha pia kwamba mwili huzoea: mtu akiingia kwenye maji baridi mara tano au sita, dakika chache kila mara, mshtuko unapungua kama nusu. Ndiyo maana aliyemaliza miaka minne ya bweni akioga kwa karai kabla ya prepu ya alfajiri hashangai kitu, na mgeni wake kutoka Mombasa anapiga kelele bafuni.

Sasa faida. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2016. Watu zaidi ya 3,000 wa miaka 18 hadi 65 waligawanywa makundi. Wengine waliendelea kuoga kama kawaida, wengine walimalizia kuoga kwao na maji baridi kwa sekunde 30, 60 au 90, kila siku kwa siku 30. Waliomalizia na baridi walikosa kazi kwa sababu ya ugonjwa asilimia 29 chini ya wenzao. Wengi wananukuu hadi hapo. Wanachoruka ni kwamba siku za kuugua hazikupungua. Waliugua kama wenzao, ila waliamka wakaenda kazini. Sekunde 90 hazikushinda sekunde 30. Na kumbuka huwezi kumficha mtu kwamba maji ni baridi, kwa hiyo imani yake nayo ilikuwa kazini. Mimi husoma matokeo hayo kama habari ya uchangamfu kuliko ya kinga. Uchangamfu wenyewe ni wa kweli: baridi hupandisha noradrenalini, homoni ya kuamsha mwili, kwenye damu, na ndiyo hiyo inayokufungua macho. Lakini mtu mwenye sonona asiambiwe kwamba dawa yake iko bafuni.

Kwa wanaofanya mazoezi, kukaa kwenye maji baridi baada ya kazi ngumu hupunguza maumivu ya misuli ya kesho yake. Hilo limepimwa na tafiti kadhaa ndogo, na wakimbiaji wa Iten wana haki ya kulipenda. Anayenyanyua vyuma ili ajaze mwili afikirie mara mbili. Utafiti wa mwaka 2015 uliwafuata wanaume kwa wiki 12, na waliokuwa wakikaa dakika kumi kwenye maji ya nyuzi 10 kila baada ya mazoezi walijenga misuli midogo kuliko wenzao. Kitambi? Joto linalochomwa kwa dakika mbili za shawa halifiki hata chapati moja. Nguvu za kiume? Sijaona ushahidi, na mwanaume mwenye tatizo hilo aje tumpime presha na sukari, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazoanza kusema kupitia huko. Na aliyelewa chang'aa hamwagiwi maji ili pombe imtoke. Pombe inavunjwa na ini kwa mwendo wake lenyewe; mtamwacha amelewa vilevile, na sasa amelowa na anapoteza joto.

Turudi kwenye sufuria. Waholanzi hawakuwaingiza watu wenye magonjwa mazito katika utafiti wao, na kwangu mimi hao ndio wenye maji moto.

Wa kwanza kwenye foleni yangu ni mtoto mwenye selimundu, siko seli kama wengi tunavyoita. Ukanda wa ziwa na Magharibi, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega, ugonjwa huu umeenea kwa sababu ya historia ndefu ya malaria: anayerithi jeni moja tu analindwa kiasi dhidi ya malaria kali, anayerithi mbili anaugua. Chembe zake nyekundu zinapopoteza oksijeni hujikunja na kuwa ngumu. Baridi inabana mishipa midogo, damu inapita polepole, chembe zinakaa zaidi mahali penye oksijeni kidogo, zinajikunja na kuziba njia. Maumivu yanayofuata mifupani humliza mtu mzima, seuze mtoto. Nimeona watoto wakiletwa baada ya kunyeshewa, baada ya kucheza mtoni, na wengine wakitoka shule ya bweni, ambako kila mmoja huoga maji ya mfereji alfajiri bila kuulizwa ana nini. Mzazi wa mtoto huyu, andika barua shuleni uombe maji moto, uambatanishe kadi ya kliniki. Usione haya. Sio kudekeza.

Wa pili ni bibi au babu mwenye presha au moyo dhaifu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na wengi hawajui. Mzee mmoja aliniambia, "Daktari, mimi naoga baridi tangu ujana na sijawahi kulala hospitali." Nikamjibu, "Mzee wangu, mwili wa ujanani ndio uliozoea. Huu wa leo una dawa tatu za presha." Kupanda kwa ghafla kwa presha ambako kijana hakuhisi kunaweza kumpa yeye maumivu ya kifua, moyo kupiga ovyo au hata kiharusi.

Mtoto mchanga naye asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu azaliwe, na akiogeshwa maji yawe ya uvuguvugu, kwani bado hajui kulinda joto lake. Mwenye pumu, na yule anayevimba mabakamabaka ngozi ikiguswa na baridi, wako kwenye foleni hii pia. Uvimbe huo ukimpata mtu mwili mzima anaweza kuzimia.

Kuna mtoto mmoja anayemwagiwa maji baridi kwa nia njema kabisa: mwenye homa kali. Kisumu niliona hili sana, mama akiogopa degedege. Maji baridi yanabana mishipa ya ngozi, mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto zaidi ndani. Mpunguzie nguo, mpe maji ya kunywa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kisha mlete apimwe malaria siku hiyohiyo. Na nimonia, kwa wanaouliza, huletwa na vijidudu. Maji ya karai peke yake hayaiumbi.

Baba mwenye afya, aliyezoea kutengewa maji ya kwanza, yuko mwisho wa foleni.

Anayeoga baridi, kwa hiari au kwa kukosa, asianze na kichwa. Mwaga miguuni, kisha mikononi, ukitoa pumzi taratibu, ndipo mabegani. Usoni na kifuani mwishoni. Dakika mbili zinatosha, na usioge ukiwa umelewa. Kama ratiba yako inaruhusu, oga alasiri tangi likiwa limepata jua, au anika mtungi mweusi wa lita 20 uani tangu asubuhi. Nakuru yenye jua la Februari haihitaji makaa kwa maji ya kuoga. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au mkono umekufa ganzi bafuni, funga mfereji, kaa chini hapohapo, umwite mtu akupeleke hospitali.