Bakshishi si deni, wala si hongo

Kaskazi ikishika, meli za watalii huanza kuingia Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, na siku ya meli vani hujipanga nje ya bandari tangu alfajiri. Asubuhi moja ya hivi karibuni nilisimama pale na vijana wanaongoja wageni wao, nikalisikia neno bakshishi likitajwa mara tatu kabla sijamaliza kikombe cha kahawa. Kijana mmoja alisema, "Wazungu wa jana wamenilia bakshishi yangu." Dereva akasimulia alivyosimamishwa njiani usiku: "Nikatoa bakshishi, nikaachiliwa." Na mwenye gari mmoja alikuwa akipatana na dereva mpya: "Mimi nakupa hizi, nyingine utajazia na bakshishi." Nimetembeza wageni mji huu miaka mingi na nimesomesha watoto kwa kazi hiyo. Neno hili limenilisha, naomba nilisemee.

Maana yake ni fupi. Bakshishi ni kitu, aghalabu pesa, anachopewa aliyekuhudumia juu ya malipo yake, baada ya kazi, kwa hiari ya anayetoa. Likikosekana moja kati ya hayo, tafuta jina jingine. Kiswahili kinayo mengi.

Neno lenyewe limetoka Uajemi. Kwa Kifarsi, bakhshidan ni kutoa, na pia ni kusamehe. Bakhshish ni kile kilichotolewa. Hadi leo Mwajemi akikukanyaga kwa bahati mbaya atakwambia bebakhshid, yaani nisamehe. Waturuki walilichukua, Waarabu wakalichukua, na Wahindi pia. Kwa Makalasinga, Bakhshish ni jina la mtu, maana mtoto ni kitu unachopewa bila kukidai. Sisi wa pwani tulilipata kwa njia ileile ya bahari iliyotuletea bandari, nahodha na nanga, nayo yote asili yake ni Kiajemi. Wengine wakatamka bakshishi, wazee wengine bahashishi, na hapo sina ugomvi na mtu. Ninalotaka lionekane ni kwamba ndani ya mzizi wa neno kutoa na kusamehe vimekaa pamoja. Anayesamehe kwa kubanwa hajasamehe. Na anayetoa bakshishi kwa kubanwa, alichotoa kina jina jingine.

Vijana wengi siku hizi husema tip, na hilo pia halinisumbui. Linalonisumbua ni hadithi inayosimuliwa ndani ya vani, mara nyingine na wageni wenyewe, kwamba herufi zake tatu ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuhakikisha huduma ya haraka. Ati zamani huko Uingereza mteja alitia sarafu katika kisanduku cha mkahawa kabla hajahudumiwa. Si kweli. Neno hilo lilikuwa katika lugha ya mafumbo ya wezi na matapeli wa Kiingereza tangu karne ya 17, na maana yake ilikuwa kumpa mtu kitu, kumpitishia. Hakuna herufi iliyofupisha chochote. Nalishikilia jambo hili kwa sababu hadithi hiyo inageuza mpangilio: pesa itangulie, huduma ifuate. Na kwa Kiswahili, pesa inayotangulia ili njia ifunguke ina jina lake la tangu zamani.

Jina hilo ni hongo. Karne ya 19, misafara ya watu wa pwani iliyokwenda bara haikupita bure Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo. Watemi, wakuu wa huko, walitaka nguo, shanga na nyaya, na msafara ungeweza kukaa siku kadhaa ukibishania idadi, kwa kuwa bila kuafikiana hapakuwa na njia wala maji. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Wakati ule hayakuwa aibu, yalikuwa kama ushuru anaotoza mwenye nchi kwa mpitaji. Misafara ikaisha, neno likabaki, na likabaki na kiini chake kilekile: unalipa ili upite. Kilichobadilika ni kwamba anayelipwa leo hana nchi yake anayoitoza. Ana kazi anayolipwa mshahara na umma. Kenya imekuwa na sheria mahususi ya hongo tangu 2016, nayo inamtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea.

Kwa hiyo, ndugu yangu dereva, ulichotoa usiku ule hakikuwa bakshishi, hata kama kilikuwa shilingi mia mbili na mkaagana kwa salamu. Chai na kitu kidogo yalikuwa maneno mazuri nayo, tukayatumia kufunikia uchafu mpaka yakachafuka. Wenzetu wa Tanzania waliona takrima, neno la kumkirimu mgeni, likipata kinga ya sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili wagombea wakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha 2006. Neno hilo mpaka leo halijapona. Sitaki bakshishi nayo iende njia hiyo.

Ukitaka kuiona bakshishi ikiwa na umbo lake halisi, nenda harusini. Mwimbaji wa taarabu ameshalipwa na wenye shughuli. Ubeti ukimgusa mama mmoja, atainuka na noti yake, acheze kidogo, amtuze. Usipomgusa atakaa kitini, na mwimbaji hashuki jukwaani kumuuliza mbona hukuja. Harusini hapohapo kuna kilemba cha baba wa bibi harusi na mkaja wa mama yake. Hivyo vina majina, vina wenyewe, vilikubaliwa tangu kwenye posa, na visipoletwa watu watauliza, tena kwa haki. Vile ni ada. Bibi zetu walizijua tofauti hizi bila kufundishwa darasani, na kutuza hawakukuita kulipa.

Sasa turudi kwenye meli, maana hapo ndipo vijana wetu wanapoumia. Mgeni anayepanda vani yako kwenda Fort Jesus au Tsavo mara nyingi alinunua safari hiyo kwenye meli. Meli imeilipa kampuni ya hapa, kampuni imemlipa mwenye gari na mwongozaji, na kila mkono umekata chake. Zaidi ya hayo, meli nyingi humkata mgeni kiasi fulani kila siku kwenye hesabu yake, kwa ajili ya wahudumu wa melini: wanaotandika vitanda, wanaoleta chakula. (Nimeona watu wakikiita hicho kiinua mgongo. Kiinua mgongo ni anachopewa mfanyakazi na mwajiri wake anapomaliza utumishi. Kisichanganywe na hiki.) Mgeni husoma kwenye hesabu kwamba ametoa bakshishi, akashuka ngazi akiamini amemaliza watu wote. Hajui kwamba senti ya pesa ile haifiki Mombasa. Wengine wametoka Japani, ambako kumwachia mhudumu pesa si desturi, na huenda hata ikamtia haya. Watu hao hawakukunyima kwa chuki.

Wako pia wanaotoa kisichotumika. Mgeni anakung'uta mfuko na kukuachia kiganja cha sarafu za yuro, asijue kwamba maduka yetu ya kubadilisha pesa hununua noti tu. Au anakupa dola iliyochanika pembeni, au ya toleo la zamani mno, uzunguke nayo Digo Road nzima ikikataliwa. Inauma, najua, nimezunguka nayo. Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo wake ulikuwa pale. Pokea kwa mikono miwili. Ukiona ana nia ya kusikia, mweleze kwa adabu ili kesho asimpe mwenzako vilevile.

Na dereva, jamani. Mgeni humkumbuka aliyesema na kumsahau aliyeendesha. Siku ya Tsavo, dereva ameamka kabla ya adhana, ameendesha kilomita 100 hivi hadi lango la Bachuma akipenya katikati ya malori ya makontena, na jioni macho yake yako kwenye saa kwa sababu meli ina wakati wake wa kung'oa nanga. Mimi sikuwahi kuwaombea madereva wangu pesa. Nilichofanya ni kumtaja dereva kwa jina lake asubuhi, kabla gari halijaondoka, na kuwaambia wageni ndiye aliyewabeba roho zao. Mara nyingi ilitosha.

Kwa mwenye gari nina machache tu. Bakshishi huwekwa juu ya malipo. Pasipokuwa na malipo chini yake, itakaa juu ya nini? Kenya ina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria, na madereva wametajwa humo. Mshahara ni haki, bakshishi ni hisani, na huwezi kulipa haki ya mtu kwa hisani ya mgeni ambaye hata hajashuka melini.

Yule kijana aliyeliwa bakshishi yake nilimwita kando. Alinisalimu shikamoo, nikamwitikia, nikamuuliza kampuni ilimlipa ya jana. Akasema ililipa. Nikamwambia, "Basi mwanangu, hakuna kilicholiwa. Kingekuwa chako, ungekuwa na pa kukidai."

Akanyamaza kidogo. "Lakini mzee, niliwatembeza Mji wa Kale jua la saa saba, nikawabebea mpaka mikoba."

"Najua. Na mimi ningependa wangekutuza. Ukiwasimulia wenzako, sema hukupata. Usiseme wamekula."

"Haya, ami," akasema. "Jana sikupata." Kisha akakimbilia langoni, maana wageni wa kwanza walikuwa wameanza kutoka.