Je, wajua kwa nini mbwa anayekupenda hukukimbia ukimwita?

Geti linafunguliwa gari liingie, na kabla halijafungwa mbwa ameshachomoka, yuko barabarani. Mwenye nyumba anaita. Mbwa anasimama, anageuza shingo, anamtazama, kisha anaendelea na safari yake. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, ambako mbwa hushinda bandani mchana na kufunguliwa usiku alinde, hili si jambo geni.

Mtaani jibu huwa tayari: mbwa huyu ana kiburi, anajua anaitwa na anajua anakosea. Ushahidi unaotolewa ni namna anavyorudi. Anakuja kwa kunyata, mkia kati ya miguu, masikio yamelala, macho pembeni. Mwenyewe anaona hapo mkosaji anayekiri kosa lake, kwa hiyo anamchapa ili liingie kichwani. Safari ijayo mbwa anatoroka tena na kuchelewa zaidi kurudi, na fimbo inaongezwa.

Sura hiyo ya majuto imewahi kupimwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa huko New York, alichapisha jaribio alilolifanya na mbwa 14 wa majumbani. Mwenye mbwa anaweka kipande cha chakula, anamkataza mbwa asikiguse, kisha anatoka chumbani. Wakati hayupo, mara nyingine mbwa alipewa chakula kile na mara nyingine hakupewa. Mwenye mbwa aliporudi aliambiwa kama mbwa wake ametii au amekula, na mara nyingine aliambiwa uongo. Wengi wetu tungetarajia mbwa aliyekula ndiye ajikunyate. Haikuwa hivyo. Waliojikunyata ni wale waliokaripiwa, wawe walikula au hawakula. Na dalili zilikuwa nzito zaidi kwa mbwa waliokaripiwa bila kosa lolote.

Mbwa 14 ni wachache, na jaribio halisemi kwamba mbwa hawezi kujuta. Yaliyomo moyoni mwake halikuyagusa. Linachosema ni kwamba ile sura haiwezi kuwa ushahidi wa kosa. Mbwa anasoma uso wako, sauti yako na jinsi ulivyosimama, halafu anajishusha ili usimdhuru. Anajibu hasira iliyo mbele yake sasa hivi. Geti alilochomokea saa sita mchana halimo katika hesabu hiyo.

Tukilikubali hilo, swali linageuka. Badala ya kuuliza kwa nini mbwa hatii, tuulize: mbwa anapokuja kwako, amewahi kupata nini?

Msingi wa jibu ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi Ivan Pavlov, huko St Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba sauti isiyo na maana yoyote inaweza kumtoa mbwa mate, mradi imezoeleka kutangulia chakula. Kabla yake, mwaka 1898, Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameandika kuhusu paka waliofungiwa ndani ya vizimba: kitendo kilichowafikisha kwenye chakula walikirudia haraka zaidi kila mara, na kisichowapa kitu kilififia. Kwa mbwa, sauti hupata maana kutokana na kinachoifuata, na kitendo huota mizizi kwa malipo yake.

Ifikirie namba ya simu ya mtu anayekudai. Simu ikiita unaisikia vizuri na unamjua mpigaji, lakini unaiacha iite mpaka ikatike. Kiburi hakimo, namba ile imekufundisha kwamba kupokea ni kujitafutia shida. Sasa chukua namba nyingine, ya ndugu ambaye mara kwa mara akipiga ni kukuambia ametuma kitu kidogo, uangalie M-Pesa. Hiyo utaipokea ukiwa umeloa, sabuni usoni. Hata akipiga mara tatu bila kutuma chochote, ya nne utapokea tu, kwa sababu huenda leo ikawa ndiyo. Neno «njoo» ni namba hiyo. Kila unapolitumia unaamua liwe la mdai au la ndugu, na mbwa anaweka kumbukumbu kuliko unavyodhani.

Kipigo anachopata akirudi kinaangukia wapi, basi? Wakufunzi wa mbwa hupendekeza malipo na adhabu zifuate kitendo ndani ya sekunde moja au mbili, kwa sababu baada ya hapo mbwa ameshaingia katika jambo jingine. Ukimchapa miguuni pako, kitendo cha karibu kabisa ni kufika miguuni pako. Hicho ndicho unachokiadhibu. Kutoroka kwenyewe kulikwisha muda mrefu, na kulilipwa vizuri: jalala, harufu za mtaa mzima, kuku wa jirani, pengine jike aliye kwenye joto.

Tena fimbo si lazima iwepo ili neno liharibike, na jambo hili linawaponyoka hata watu wapole kabisa wasiowahi kuinua mkono. Hebu tazama ni wakati gani mbwa wa kawaida huitwa. Anaitwa kufungwa mnyororo. Anaitwa kuogeshwa, kuingizwa bandani asubuhi, kuchomwa sindano. Mara chache sana anaitwa apewe kitu na aachwe aendelee na mchezo wake. Baada ya miezi kadhaa «njoo» imekuwa tangazo kwamba starehe imekwisha, na mbwa mwenye akili timamu hana sababu ya kuikimbilia.

Wapo wanaoamini kuwa dawa ni ukali zaidi, na huko Ulaya na Marekani zinauzwa kola zinazompiga mbwa shoti kwa rimoti. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilizipima kwa mbwa 63 waliogawanywa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliofundishwa kwa malipo, bila kola, waliitikia amri haraka zaidi na walihitaji kuamriwa mara chache zaidi kuliko waliovalishwa kola za shoti. Hao ni mbwa wa Uingereza waliofundishwa na wakufunzi wa kazi hiyo, kwa hiyo haifai kuyahamisha matokeo yao moja kwa moja kwa mbwa wa kijijini anayezurura atakavyo. Lakini dai kwamba bila maumivu mbwa harudi halikupata msaada hapo.

Kufundisha kwenyewe huanzia ndani ya uwanja, geti limefungwa. Mwite mara moja, na akifika mpe kitu anachokithamini kweli: kipande cha ini, firigisi, au dagaa mmoja mkavu. Ugali aliokwisha kushiba hautashindana na kuku wa jirani. Kisha mwachie aende tena, na sehemu hii usiiruke kamwe, kwa kuwa ndiyo inayomfundisha kwamba kuja kwako hakumpotezei uhuru wake. Rudia mpaka aje bila kusita, ndipo utoke naye nje akiwa na kamba ndefu ya mita tano hadi kumi. Kamba ni bora ifungwe kwenye mkanda wa kifuani kuliko shingoni, maana akifika mwisho wake kwa kasi shingo inaumia. Kazi yake si kumvuta. Ni kuhakikisha kutoroka hakulipi hata mara moja wakati somo bado changa, kwa sababu safari moja yenye mafanikio inaweza kumfanya ajaribu nyingine nyingi.

Usishangae akisahau kila kitu barabarani. Mbwa aliyejifunza uani amejifunza jambo la uani. Njia panda yenye bodaboda na harufu za mbwa wengine ni darasa jipya. Anza upya huko, kwa malipo makubwa zaidi. Na akichomoka, usimfukuze, kwani kwake kufukuzwa ni mchezo. Geuka ukimbie upande mwingine huku ukimwita kwa sauti ya furaha. Mbwa wengi hufuata kinachokimbia.

Kwa dume anayefuata majike, mafunzo peke yake yanaweza yasitoshe. Kuhasi hupunguza kuzurura kwa madume wengi, ingawa si wote, na daktari wa mifugo ndiye wa kushauri umri unaofaa.

Kama «njoo» yako imeshakuwa namba ya mdai, usipoteze muda kuikarabati. Chagua mluzi ambao hujawahi kuutumia, na kwa wiki za mwanzo usiupige isipokuwa una nyama mkononi. Na siku ya kuoga au ya chanjo ya kichaa cha mbwa, usimwite kabisa. Mfuate alipo, mvalishe kamba taratibu, uende naye.