Je, wajua kwa nini ngisi mdogo anaweza kuwa amepevuka na mkubwa bado?

Hapa Dodoma ngisi hutufikia wakiwa wa barafu, na mnunuzi huchagua kwa jicho: mkubwa amekomaa, mdogo bado mtoto. Kwa ngisi wa bahari kuu jicho hilo hudanganya. Mpasue yule mdogo. Ukikuta tezi mbili nyeupe, nene, zimelala sambamba kama soseji, huyo ni jike aliyepevuka. Jike mkubwa kumzidi anaweza kuwa na tezi nyembamba tu, bado kigori.

Chukua Sthenoteuthis oualaniensis, ngisi wa mgongo wa zambarau wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Karibu na ikweta kuna wadogo wanaopevuka kiwiliwili kikiwa na sentimita 10 hadi 15 tu. Kule Bahari ya Arabuni kuna majitu yanayofika sentimita 60 na ushee. Walioenea zaidi ni wa wastani. Hawa pamoja na majitu wana baka la viungo vya mwanga mgongoni, karibu na shingo. Wale wadogo wa ikweta hawana. Vinasaba navyo vinawatenga wadogo hao, na wapo wataalamu wanaowahesabu kuwa spishi nyingine kabisa.

Usikimbilie kusema hivyo kwa kila ngisi. Dosidicus gigas wa Pasifiki ya mashariki naye ana wadogo, wa wastani na wakubwa wanaopita mita 1, ila vinasaba havikuwatenga kwa ukubwa. Hapo kinachoamua ni joto la maji na chakula. El Niño ya 2009 hadi 2010, yaani kile kipindi cha maji ya Pasifiki kupata joto, ilipopita, ngisi wa Ghuba ya California walianza kupevuka kabla ya miezi 6, wakiwa wadogo sana, badala ya kungoja miezi 12 hadi 18. Mfugaji wa perege ameshaliona jambo linalofanana na hili: bwawa likijaa kupita kiasi, samaki huzaa wakiwa saizi ya kiganja. Kwa ngisi mabadiliko huja haraka zaidi, kwa sababu wengi huishi kama mwaka mmoja, hutaga, kisha hufa. Kizazi cha mwaka huu hakichanganyiki na wazee wa mwaka jana.

Ukitaka kuwalinganisha, pima kiwiliwili peke yake, upande wa mgongo, kutoka ncha ya mapezi hadi ukingo wa shingoni. Mikono usiihesabu, maana ile miwili mirefu huvutika. Halafu tenga madume na majike. Majike huwa wakubwa zaidi, na ukiwachanganya utadhani umepata makundi mawili. Dume utamjua kwa mkono mmoja wa chini ambao ncha yake haina vinyonyeo.

Umri umo kichwani, kwenye vijiwe viwili vinavyomsaidia ngisi kujiweka sawa majini, vyenye urefu wa milimita 1 au 2. Kijiwe husuguliwa taratibu hadi kiwe chembamba, kisha pete zake huhesabiwa kwa darubini, pete moja kwa siku moja. Ukisugua kupita kiasi, kitovu hupotea na siku za mwanzo hupotea nacho. Na ngisi aliyeletwa sokoni akiwa amekatwa kichwa, umekosa vyote viwili: vijiwe vya umri na ule mkono wa dume.