Kwa nini golini hakuna nyasi?

Nenda uwanja wowote wa mtaa huko Eastlands, Nairobi, uangalie chini badala ya kuangalia mpira. Golini ni upara, katikati ni upara, lakini kwa kona nyasi zimenawiri mpaka mbuzi wanashiba. Kwa nini?

Mimi miaka mingi nilikuwa na jibu na nilikuwa nalitoa kwa sauti: nyasi zetu ni dhaifu, kaunti ilete za ng'ambo. Kumbe. Nyasi iliyojaa Nairobi ni ile inaitwa kikuyu, asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki, na hao wa ng'ambo ndio waliibeba wakaenda nayo. Australia na Afrika Kusini wanaipanda kwa viwanja vya michezo, na kule Los Angeles kuna klabu ya gofu, Riviera, inayojulikana kwa kikuyu inayomeza mpira mpaka mabingwa wanalalamika. Yaani nilikuwa naomba tuletewe kitu kilichotoka kwetu. Na si dhaifu hata kidogo, inatambaa, ikikatika inajiziba, sehemu nyingine duniani wanaihesabu magugu kwa vile kuimaliza ni kazi.

Maji nayo? Mvua ya kona ndiyo mvua ya golini. Tofauti ni miguu tu, lakini tena si vile unafikiria, kwa sababu majani yakikanyagwa huota mengine. Kinachoharibika kwanza ni udongo.

Chukua matatu ya watu 14. Wakiwa 14 makanga anapenya, anachukua nauli, anarudisha chenji. Sasa wapakie 22, makanga ananing'inia mlangoni, nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka inapotelea njiani, na wa nyuma kabisa hata hewa hapati. Udongo mzuri ni ile matatu ya kwanza, kati ya chembe na chembe kuna nafasi, maji na hewa hupita hapo, na mzizi ndio makanga. Watu husahau kwamba mzizi nao hupumua. Ukikanyaga sana chembe zinasongana, mvua inabaki juu inakuwa dimbwi, mzizi unabaki mlangoni. Kumwagilia maji hapo ni kuongeza abiria.

Na udongo uliolowa ndio husongana vibaya zaidi. Unga mkavu ukiufinya unamwagika mkononi, tia maji kidogo unakuwa donge la chapati. Ndio maana mechi moja ya matope inaweza kuumiza uwanja kuliko kadhaa za kiangazi, hasa kwa huu udongo mweusi wetu unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka (nyufa zinaingiza hewa kidogo, sawa, ila hazishindani na timu sita kwa siku). Yule mzee wa uwanja aliyekuwa anatufukuza baada ya mvua, tukimuita mwenye roho mbaya, alikuwa sahihi.

Sasa weka jiji hapo. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 2,143,254 Nairobi, ya 2019 ikapata 4,397,073, na fild ya mtaa ni ileile, Jumamosi akademia za watoto zinaanza saa moja asubuhi na wazee wanamaliza jioni. Mpango ukihesabu viwanja tu unakosea, nyasi zinahesabu masaa. Kapeti, yaani nyasi bandia, kama ya uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho inavumilia kwa sababu haina mizizi ya kusongwa, ingawa juani inachoma na baada ya miaka kama 10 huwa imechakaa, inataka pesa nyingine. Binafsi ningependa viwanja viwili vidogo vinavyopokezana kuliko kimoja chenye jukwaa.

Au magoli ya kuhamishwa. Unayasogeza msimu ukiisha, ule upara wa zamani unautoboatoboa kwa uma wa shamba, unatia mchanga, unawazuia watu hapo, halafu unaiachia kikuyu itambae yenyewe kutoka kwa kona.